Bunduki Niliyosema Ni Tupu

Bunduki iliyomkata Fundi Faraj vidole viwili ilikuwa tupu.

Hivyo ndivyo nilivyoapa, nikatia sahihi, na kituo kizima cha polisi kikaniamini.

Najua humu wengi wenu hupenda visa vya majini na vya wapenzi waliosalitiana. Hiki hakina jini. Kina bunduki mbili, mtu mmoja wa mtaa wa Kuze, na mimi niliyelichafua jina lake kwa Kiswahili fasaha kabisa. Someni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Ilikuwa Machi, mwaka 1996.

Naitwa Kahindi. Siku hizo nilikuwa mwongozaji mkuu katika kampuni ya safari za uwindaji iliyokuwa na ofisi hapa kisiwani Mombasa. Kenya ilikwisha kufunga uwindaji wa wanyama wakubwa tangu mwaka 1977, kwa hiyo kazi yetu tuliifanyia kusini mwa Tanzania, kuanzia Julai mpaka msimu ufungwe. Miezi iliyobaki nilikaa nyumbani Buxton na mke wangu Loise na binti yetu Mercy.

Waongozaji watano walikuwa chini yangu. Wote niliwafundisha mimi, na wote waliniita Mkuu.

Mwaka huo kampuni iliamua kubadilisha bunduki zetu. Mwenye kampuni akaniita.

"Kahindi, kuna aina mbili. Nimezipeleka zote kwa Hakimuddin. Zijaribu, uniandikie ipi inafaa kwa nyati."

Niruhusuni nieleze kidogo, maana kisa chote kimesimama hapa.

Bunduki ya bolti ni ile ambayo, ukishapiga, unavuta mkono wa chuma nyuma na ganda linaruka. Ukiusukuma mbele, risasi nyingine inatoka kwenye magazini, yaani tumbo la bunduki, na kuingia chemba, tundu la nyuma ya mtutu. Mwisho unaugeuza mkono ule chini ili kufunga. Zote hufanya hivyo. Tofauti yake ni namna bolti inavyoishika risasi njiani.

Ya kwanza ni ya mtindo wa zamani, yenye ukucha. Risasi ikichomoza tu kutoka kwenye magazini, ukucha mrefu wa bolti huikamata kitako na hauiachi tena. Ukisonga mbele, inasonga nayo. Ukibadili nia katikati ya njia na kurudi nyuma, inarudi nayo, hata kama bunduki umeielekeza miguu juu.

Ya pili ni ya kusukuma. Bolti yake haishiki kitu. Huisukuma risasi mbele kama hamali anavyosukuma mkokoteni, na huishika mwisho kabisa, pale mkono unapogeuzwa chini na kufunga.

Mimi nilikulia kwenye ukucha. Kwa miaka kumi na minne sikushika nyingine.

Karakana ya Hakimuddin ilikuwa Kuze, nyuma ya duka lake la vyuma, katika kichochoro ambacho watu wawili wanene wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Hakimuddin alikuwa Mhindi wa Kibohora, mpole, mwenye leseni ya kutengeneza silaha aliyoirithi kwa baba yake. Lakini kila mwenye bunduki pwani hii alijua kwamba mikono ya kazi ilikuwa ya Faraj.

Faraj alikuwa mtu wa Kuze hasa, umri wa hamsini na ushei, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Angeweza kuisikiliza bolti ikienda na kurudi, akakuambia kasoro iko wapi bila kuifungua.

"Sabalkheri, Bwana Kahindi."

"Sabalkheri, Fundi. Ziko tayari?"

"Zakungojea weye tu." Akazifunua mezani. "Huyu bibi, na huyu bi harusi. Bibi ana kucha, bi harusi ana haraka."

Nikatoa risasi nne za nyati, nikazipanga juu ya taulo.

Faraj akaacha kupangusa mikono. "Hizo ni za kweli?"

"Za kweli."

"Hapa hatujaribu na za kweli, bwana. N'na za bandia. Kichwa cha mbao, ndani hamna baruti."

"Za bandia ni nyepesi. Nataka kuona uzito wenyewe unavyopanda kutoka kwenye magazini."

"Hakimuddin yuwaja sasa hivi. Tumngoje tumuulize."

"Fundi, mimi si mwanafunzi."

Akanitazama, akacheka kidogo. "Haya. Mteja ni mfalme. Ila na wafalme pia hufa."

Tukaanza na bibi. Nilimlisha polepole, nikamlisha kwa kasi, nikamgeuza miguu juu. Hakukwama hata mara moja. Kisha nikadondosha risasi moja kwa mkono moja kwa moja ndani ya chemba, nikajaribu kufunga. Bolti ikagoma. Ukucha ule hutaka kuipokea risasi kutoka chini, kwenye magazini. Hautaki kuirukia kwa mbele.

"Hiyo ndiyo ila yake," Faraj akasema. "Ukiishiwa, ukatia moja kwa mkono, anakukatalia. Bi harusi hakatai. Yeye hupokea chochote."

"Basi bi harusi ni bora?"

"Sikusema hivyo. Mtu aliyeshikwa na hofu havuti bolti mpaka mwisho. Huvuta nusu. Kwa bibi, nusu si kitu, risasi i kuchani. Kwa bi harusi, nusu ni msiba. Weye waogopa nyati, Bwana Kahindi. Miye namuogopa mtu aliyemuogopa nyati."

Nilizitoa risasi za bibi kwa utaratibu wangu wa siku zote: sukuma bolti mpaka risasi ichomoze, usiufunge mkono kamwe, vuta nyuma, risasi ikuangukie. Bolti isiyofungwa haiwezi kupiga. Kwa bunduki ya ukucha sijui utaratibu salama kuliko huo. Waongozaji wangu watano waliujua kama wanavyojua majina yao.

Tukaja kwa bi harusi. Nikamtia risasi tatu. Tumbo lake halikuwa na mlango kwa chini, kama lilivyokuwa la bibi. Kilichoingia kwa juu kilipaswa kutoka kwa juu, kwa bolti.

Mbili za kwanza nilizilisha kwa kasi, nikifunga na kufungua. Zikaruka vizuri, moja ikabiringika chini ya meza.

Ya tatu nilitaka kuitoa tu. Nikaisukuma mbele. Sikufunga.

Simu ya dukani ikaanza kulia. Nikageuza kichwa, nikavuta bolti nyuma.

Nilipotazama, magazini ilikuwa nyeupe, haina kitu. Nilikwisha kusikia risasi ikigonga sakafu, na sikujiuliza ilikuwa ya ngapi.

Nikampa Faraj bunduki. "Tupu."

Karakana ile ilikuwa na desturi yake: anayepokea bunduki hutia kidole kidogo ndani ya chemba, hata kama anayempa ni baba yake mzazi. Faraj akakinyoosha kidole.

"Fundi," nikamwambia. "Nimesema ni tupu."

Sikupaza sauti. Sikuhitaji.

Akanitazama kwa juu ya miwani. Kisha akakirudisha kidole, akafunga bolti, akaingiza mdomo wa mtutu katika pipa la mchanga huku mkono wa kushoto ukiuongoza, akabonyeza kifyatulio ili kulegeza springi.

Mshindo ule ulisikika mpaka kwa wauza vinyago mbele ya Ngome ya Yesu. Mimi sikuusikia kama mshindo. Nilisikia kama chumba kimevuta pumzi. Vumbi la mchanga lilipotulia, Faraj alikuwa ameketi sakafuni, akiutazama mkono wake kama mtu anayesoma barua isiyo yake.

Kidole cha mwisho na cha pete havikuwapo.

Nilimfunga kwa taulo lile lile, tukambeba mimi na Hakimuddin, aliyefika mbio kwa mshindo ule, hadi kwenye gari. Njia nzima hakulia. Alisema neno moja tu: "Ilibaki."

Nilidhani anaweweseka.

Kesho yake niliandika maelezo polisi. Kurasa tatu, bila kufuta neno. Niliandika kwamba mimi ni mwongozaji wa miaka kumi na minne, kwamba niliitoa kila risasi, kwamba nilimkabidhi fundi bunduki tupu, na kwamba kilichotokea baada ya hapo kilitokea mikononi mwake. Niliamini kila herufi.

Inspekta alikuwa amekwisha kwenda hospitali.

"Fundi anasema huenda risasi ilibaki chemba ulipoivuta bolti. Yawezekana?"

"Haiwezekani. Bolti ikirudi, risasi hurudi nayo."

"Una hakika?"

"Inspekta, hii ndiyo kazi yangu."

Akafunga faili.

Faraj akanyang'anywa kibali cha ufundi wa silaha. Hakimuddin, ambaye leseni yake nayo ilikuwa ikichunguzwa, akamwambia apumzike nyumbani. Sote tunajua maana ya kuambiwa upumzike nyumbani.

Mimi nikaandika ripoti yangu. Nilipendekeza ukucha. Lakini bunduki za namna ile hazikupatikana kwa haraka, kampuni ikanunua tano za kusukuma, ndugu wa yule bi harusi. Nikawaita waongozaji wangu, nikawagawia. Mmoja wao, Sammy, aliuliza kama kuna jambo jipya la kujifunza.

"Utaratibu ni ule ule," nikamjibu.

Mwishoni mwa Juni wakatangulia Tanzania kwa basi. Mimi nilibaki wiki mbili nyuma nikisubiri polisi waiachilie bunduki ya ajali, niende nayo.

Niliipata Ijumaa. Jumamosi asubuhi niliiweka kwenye meza ya kulia chakula, nikaanza kuisafisha. Loise alikuwa kando yangu akichambua mchele.

"Hiyo ndiyo iliyomkata yule fundi?"

"Alijikata mwenyewe."

"Alifanyaje?"

"Hata sijui. Mimi niliitoa risasi hivi." Nilikuwa na risasi moja ya bandia, yenye kichwa cha mbao. Nikaitia kwenye magazini, nikaisukuma mbele, sikufunga, nikavuta nyuma. "Unaona? Tupu. Nikampa."

Loise akaendelea kuchambua. Kisha mikono yake ikasimama.

"Imekwenda wapi?"

"Nini?"

"Ile yenye mbao. Nimeona ikiingia. Sijaiona ikitoka."

Nikatazama mezani. Nikatazama sakafuni. Niliinama, watu wangu, nikaitafuta risasi chini ya kiti changu mwenyewe, kwa kuwa hata wakati ule nilikuwa tayari kuamini kwamba sakafu imeniibia kuliko kuamini kwamba nimekosea.

"Baba Mercy," Loise akasema taratibu, "tazama humo ndani."

Nikatia kidole chemba. Kikagusa shaba.

Nilirudia mara nyingi. Kila nisipofunga, ilibaki mle, imelala kwenye giza la chemba. Na kila nilipoigeuza bolti chini baada ya hapo, niliisikia ikibana kidogo, ikiishika risasi kitako. Bunduki niliyoiita tupu ilikuwa tayari kupiga.

Loise hakuniuliza juu ya Faraj. Aliuliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikia.

"Akina Sammy wameondoka na bunduki kama hizi?"

Watu watano. Porini. Na utaratibu wangu.

Kambi yetu haikuwa na simu. Ilikuwa na redio ya upepo, iliyopatikana kupitia ofisi ya Dar es Salaam, na ofisi hiyo hufunguliwa Jumatatu. Nilikaa na siku mbili zile kama mtu aliyemeza mwiba. Kila aliyebisha hodi nilidhani ameleta habari ya kifo.

Lakini niseme ukweli wote. Katika siku mbili zile sikuwa nikiwaza vifo pekee. Nilikuwa nikitunga maneno. Nilitafuta namna ya kuwaonya watu wangu bila wao kujua kwamba nilikosea. Nikaipata. Niliiandika kwenye karatasi na kuipiga msasa.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, nikampata Sammy. Sauti yake ilikuja ikikatika katika mikwaruzo.

"Sammy, sikiliza. Nimeboresha utaratibu wa kutoa risasi. Kuanzia leo, kila mtu afunge bolti mpaka chini kwanza, ndipo avute. Umepata?"

Mikwaruzo. Kisha nikamsikia akicheka, si kwa ubaya.

"Mkuu, hilo tulilijua kabla hatujavuka mpaka wa Lungalunga."

"Nani aliwaambia?"

"Fundi Faraj. Siku ya safari alitukuta kwenye basi. Ana vidole vitatu mkono mmoja. Alituteremsha mmoja mmoja, akatuonyesha kwa komeo la mlango na kipande cha penseli. Akasema, funga mpaka chini, vuta mpaka nyuma, halafu tia kidole. Mwenzetu Kingi alimfanyia mzaha, akamwambia, fundi, vidole vyako vimekwisha sasa unataka vyetu. Fundi akamwambia, ndiyo, mvitie vyote kwenye chemba virudi vizima."

Niliikunja ile karatasi yangu.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mkuu, wewe huambiwi."

Alasiri ile nilitembea kutoka Buxton mpaka Kuze kwa miguu. Nilipobisha, alifungua Mwanakhamis, mkewe Faraj. Alinitambua. Hakunikaribisha wala hakunifukuza.

"Yumo ndani. Usikae sana."

Faraj alikuwa kwenye mkeka, akitengeneza jiko la mafuta la mtu, amelibana kwa magoti kwa kuwa mkono wa kushoto haukuweza tena kushika. Nilisimama.

"Fundi, risasi niliiacha mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu niifunge bolti. Ilikuwa nzito kidogo kushuka. Nikajiambia ni upya wake." Akapuliza tundu la jiko. "Nilimwambia Inspekta. Akasema, mwenye kujua amekwisha kusema."

"Na akina Sammy? Kwa nini uliwafuata?"

"Kwani wao walinikosea nini?"

Nikafanya lile ninalolijua.

"Nitaandika barua. Moja kwa polisi, moja kwa Hakimuddin, moja kwa mwenye kampuni. Nitaeleza kila kitu kwa utaratibu."

"Barua yako ya kwanza ilikuwa nzuri sana, Bwana Kahindi. Sitaki barua."

"Unataka nini?"

Akaliweka jiko chini.

"Vidole nimemwachia Mungu. Miye nataka macho yangu."

Hapa, wasomaji, kuna jambo nimewaficha tangu mwanzo.

Maelezo yangu polisi yalikuwa na sentensi ya mwisho. Niliandika hivi: *Nilipofika karakana niliona macho ya fundi yakiwa mekundu.*

Yalikuwa mekundu kweli. Tangu alfajiri Faraj alikuwa akinoa vyuma, na nilipoingia jiwe la kunolea lilikuwa bado linazunguka. Nililiona. Sikuliandika.

Inspekta alipofika kwenye sentensi ile aliinua kichwa. "Mirungi?"

"Mimi sisemi kitu," nilimjibu. "Nimeandika nilichokiona."

Hayo tu. Haikupita wiki, Kuze nzima ikampa jina jipya: Fundi Mirungi. Mtu ambaye hata kahawa chungu hakuinywa. Miaka kumi na moja alikuwa akiwasomesha watu wazima Kurani kila baada ya alasiri, bila malipo, wazee ambao utotoni hawakupata nafasi. Wakaanza kuacha kuja. Mmoja baada ya mwingine, kwa udhuru wa adabu, wa kwanza akiwa jirani yake Badawi. Siku ile niliyosimama mbele yake, mkeka ulikuwa mkubwa na alikaa juu yake peke yake, na saa ya darsa ilikuwa ndiyo hiyo.

"Ijumaa," Faraj akasema, "watu wakitoka msikitini, njoo mbele ya duka la Hakimuddin. Useme kwa mdomo wako. Uanze na macho."

Nilikwenda polisi kwanza, Alhamisi, nikabadilisha maelezo yangu. Inspekta alinisikiliza akiwa amekunja uso, akaniuliza mara mbili kama kuna mtu amenitisha. Hiyo ilikuwa rahisi. Chumba kilikuwa na watu wawili.

Ijumaa baraza la duka lilijaa. Hakimuddin alitoka akasimama mlangoni. Badawi alikuwa ameketi mbele, kofia imenyooka.

"Leo mwindaji amekuja kuwinda nini Kuze?" akauliza, na watu wakacheka.

Nikaanza. Na nilianza vizuri. Nikaeleza bunduki ya ukucha, nikaeleza ya kusukuma. Nikaonyesha kwa mikono jinsi risasi inavyoweza kubaki chemba ikiwa mtu aliyezoea aina moja ataitumia nyingine. Nikasema utaratibu wangu ulikuwa sahihi kwa miaka yote ila kwa bunduki ile. Niliona vichwa vikitikisika kwa heshima. Nilisikia mtu akinong'ona kwamba huyu bwana amesoma.

Faraj alikuwa amesimama pembeni, amekunja mkono kifuani.

"Bwana Kahindi," akasema. "Nilikwambia uanze na macho."

Nimewahi kusimama mbele ya nyati aliyejeruhiwa, hatua kumi na tano, na sikurudi nyuma. Siku ile nilirudi nyuma hatua moja.

"Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la chuma," nikasema. "Nililiona jiwe likizunguka. Niliwaandikia polisi macho, sikuwaandikia jiwe. Nilijua watafikiri nini. Nilitaka wafikiri hivyo."

Hakuna aliyecheka.

Badawi akauliza polepole, "Kwa hivyo hali mirungi?"

"Hali. Hajawahi. Nilijua halafu nikanyamaza."

Badawi akainamisha kichwa. Kisha akanyanyuka, akavuka kichochoro, akasimama mbele ya Faraj. Sikusikia alichosema. Nilimwona Faraj akimjibu neno moja, na wote wawili wakatazama chini.

Hakimuddin akasema kutoka mlangoni, "Faraj bhai, ndugu yangu, kesho karakana iko wazi." Faraj hakumjibu siku ile. Alimjibu baada ya mwezi, kibali chake kiliporudi, kwa kuingia tu na kuwasha taa ya meza yake.

Mimi niliondolewa katika uongozi. Kampuni ikampa Sammy, na ilifanya sawa. Nilikwenda porini msimu ule chini ya mtu niliyemfundisha, nikitia kidole chemba mbele yake kila jioni.

Lakini siku ya Ijumaa ile, watu walipotawanyika, nilimwendea Faraj nikamnyooshea mkono. Niliamini nimeustahili.

Hakuupokea.

"Leo umesema kweli," akasema. "Kesho usije ukajisifu nayo."

Nimekaa na maneno hayo karibu miaka thelathini, ndiyo maana sikuwahi kuandika mpaka sasa, Faraj akiwa ameshatangulia na mimi nikiwa sina wa kujisifia mbele yake.

Nilichojifunza ni hiki. Kosa la mkono wangu lilimnyima mtu vidole viwili, na kwa hilo ningeweza kusamehewa, kwa kuwa sikujua. Kilichomnyima jina ni sentensi ambayo kila neno lake lilikuwa la kweli. Kwa hiyo msiniogopeshe na waongo. Waongo hujulikana upesi. Mwogopeni mtu mnyofu, anayesifiwa kwa kutosema uongo, siku anapochagua ni ukweli upi auseme na upi aubakishe mfukoni.

Nawaambia kwa kuwa ninamjua. Nimekaa naye maisha yangu yote.